Sura ya Sita: Sitini na Kumi

Mfaransa wa Paris hana neno la sabini. Huhesabu vizuri mpaka sitini na tisa, kisha badala ya kuingia kwenye kumi mpya huendelea kubandika juu ya ile sitini: soixante-dix, yaani sitini na kumi. Sabini na moja kwake ni sitini na kumi na moja. Themanini ni ishirini nne, na tisini ni ishirini nne na kumi. Anayeanza Kifaransa hucheka siku anapofundishwa jambo hili, na hulia siku ya mtihani wa kusikiliza, pale sauti ya kwenye spika inapotaja namba ya simu mara moja na kupita.

Sasa teremka kutoka nyanda za juu za Ufipa mpaka Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, boti za Kongo zinapotia nanga. Mfanyabiashara aliyevuka kutoka Moba na marobota ya vitenge hasemi sitini na kumi. Anasema, "Mama, iko septante." Septante ni sabini, neno moja tu. Tisini kwake ni nonante. Wakongo walirithi hesabu hiyo kwa Wabelgiji waliowatawala, na wameishika hadi leo. Kwa hiyo mama anayenunua vitenge Kirando, ambaye hajakaa darasa la Kifaransa hata siku moja, huenda analijua neno ambalo mwenye shahada aliyelelewa na vitabu vya Paris hajapata kulisikia.

Mama huyo ana binti aliyemaliza kidato cha sita. Simpi jina kwa sababu mabinti wa namna yake ni wengi: wamekua wakisikia Kifipa nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza shuleni, na vipande vya Kifaransa ufukweni. Sura hii ni yake. Anataka kusoma lugha ya kigeni chuo kikuu, na atakutana na maswali mawili. La kwanza: lugha ipi? La pili, ambalo watu hulipuuza: akae darasa lipi?

Julai, kwenye steshenari

Julai ni mwezi wa baridi Sumbawanga. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti. Ndio mwezi ambao kwa kawaida matokeo ya kidato cha sita hutoka, mahindi yakiwa yameshavunwa na wazazi wakipiga hesabu ya magunia mangapi yatauzwa. Vijana hupanga foleni kwenye steshenari, mkononi karatasi yenye namba ya mtihani, wakisubiri kijana wa kompyuta awajazie maombi.

Kati ya 2010 na 2017 maombi hayo yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye kila chuo anachokitaka. Uhuru umeongezeka, na kazi ya kusoma masharti imehamia kwake. Lakini foleni ni ndefu, na kijana wa kompyuta ana haraka.

"Dada, kozi gani?"

"Weka yoyote ya lugha, ilimradi mkopo utoke."

Uamuzi wa miaka mitatu umekwisha kabla chai haijapoa. Simlaumu binti, maana pasipo mkopo safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwenda Dar es Salaam haipo. Namlaumu aliyemwacha afike kwenye foleni ile bila kufungua mwongozo wa udahili.

Mwongozo wa TCU unasema kiwango cha chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni alama 4.0 kutoka masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha principal. A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinatosha. Ila hapo umevuka geti tu, bado hujaingia nyumbani. Kila programu ina masharti yake, na kwenye lugha za kigeni masharti hayo hugawanyika njia mbili. Ipo njia ya kuisoma lugha kama fani, iwe kwa ualimu au kwa shahada ya lugha yenyewe. Huko mara nyingi watakuuliza kama umeifanyia mtihani sekondari. Anayepita hapo bila jasho ni aliyesoma tahasusi kama KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Njia ya pili ni kuichukua lugha kama kozi ya hiari, pembeni ya fani nyingine, ukianzia ABC.

Binti yetu alisoma HKL: historia, Kiswahili na Kiingereza. Cheti chake hakina neno hata moja la Kifaransa. Kabla ya kutaja kozi, alipaswa kutafuta majibu matatu kwenye safu ya sifa za kujiunga. Je, programu inadai lugha hiyo kwenye cheti? Inapokea anayeanza sifuri? Na lugha yenyewe inaendelea mpaka mwaka wa tatu, au inaishia mwaka wa kwanza? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Lugha inayokatwa baada ya mihula miwili haimfai mtu isipokuwa kwa salamu.

Saa 270

Lugha za kuchagua hazijakosekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya lugha za kigeni, na tangu 2013 chuo hicho na Chuo Kikuu cha Dodoma vina Taasisi za Confucius zinazofundisha Kichina. Zanzibar ilianzisha taasisi yake ya Kiswahili na lugha za kigeni, TAKILUKI, mwaka 1979, nayo leo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Na asiyeweza kuondoka Sumbawanga anacho Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Rukwa.

Muda ndio adimu. Chukua kozi ya kawaida ya saa tatu kwa wiki, katika muhula wa wiki 15. Hizo ni saa 45. Shahada ya miaka mitatu ina mihula sita, kwa hiyo hata ukiishikilia lugha hiyo bila kuiacha utapata saa 270 za darasani. Sasa linganisha. Taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha huwatengea wiki 24 hadi 30 kwa Kifaransa, yaani saa 600 na ushee, wakisoma kutwa. Kwa Kiswahili huwapa wiki 36, karibu saa 900. Kwa Kichina na Kiarabu, wiki 88, saa 2,200.

Hesabu hizo ni za Mmarekani, na hazimfai binti wa Kirando kama zilivyo. Yeye ana akiba ambayo Mmarekani hana. Akienda kwenye Kiarabu, atakuta darasa, elimu, kitabu, sahihi na hesabu vinamsubiri mlangoni. Akienda kwenye Kireno, atakutana na meza na bendera. Kichina kitamtaka asikie ma ya mama na ma ya farasi kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na hapo Kiswahili hakimsaidii. Kifipa, kama ndugu zake wengi wa Kibantu, hakijapoteza toni, kwa hiyo sikio lake limewahi kufanya kazi hiyo hata kama hajui. Na Kifaransa, ambacho humtesa Mwingereza kwa kudai sifa ikubaliane na nomino, hakitamshangaza aliyezaliwa akisema kiti kikubwa, viti vikubwa, meza kubwa. Tuna ngeli nyingi kuliko Mfaransa, ambaye ana mbili tu, ya kike na ya kiume, halafu analalamika.

Hata hivyo, akiba haigeuzi saa 270 kuwa 2,000. Anayeanza Kichina mwaka wa kwanza, akaongeza Kifaransa mwaka wa pili na kuonja Kikorea mwaka wa tatu, atatoka na salamu za mataifa matatu. Chagua moja. Na ukishachagua, tafuta mahali ambapo saa zilizobaki zitapatikana bila ada.

Hapo ndipo jiografia ya Ufipa inapoingia. Saa za Kichina unaweza kuzipata kwa wakandarasi wa barabara, kama watakuwapo bado utakapomaliza. Saa za Kijerumani zilikuwepo hapa zamani: Kasanga iliitwa Bismarckburg, na meli ya Liemba iliundwa Papenburg ikiitwa Graf von Götzen. Wenye lugha hiyo waliondoka na vita ya kwanza ya dunia, meli ikabaki. Lakini Kongo haihami. Iko ng'ambo ya ziwa ambalo kwa wastani lina upana wa kilometa 50, na lugha yake rasmi ni Kifaransa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo yenyewe ikaingia.

Msomaji wa Kirando atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: Wakongo wa Moba na Kalemie wanazungumza Kiswahili. Tunauziana bila mkalimani tangu enzi za babu. Kifaransa cha nini?

Ni kweli. Ufukweni watu huelewana kwa Kiswahili, lakini karatasi husema Kifaransa. Bei hupatanwa kwa Kiswahili. Risiti, hati ya forodha, mkataba wa mzigo, cheti cha hospitali na shauri la mahakamani huandikwa kwa Kifaransa. Mama yetu amefanya biashara miaka yote bila kulala njaa, lakini kila anapopewa karatasi hutafuta wa kumsomea, na anayemsomea hukata chake. Binti haendi chuo kujifunza kuongea na Wakongo. Anakwenda kujifunza kusoma karatasi ambayo mama yake amekuwa akiisaini kwa imani. Akilijua hilo, amekwisha kuchagua lugha, na amejua pia ni sehemu ipi ya lugha hiyo anayoitafuta.

Wanne mlangoni

Tuingie chuoni, wiki ya kwanza. Mlangoni pa idara wamesimama vijana wanne, wote wamejiandikisha kusoma Kifaransa.

Wa kwanza ni wa KLF. Ana sarufi, anajua kunyambua vitenzi kwenye daftari, lakini hajawahi kuongea na Mfaransa wala Mkongo. Wa pili alisoma seminari ndogo, akafundishwa Kilatini. Kifaransa hajui, ila akiona père anakumbuka pater na maana inamjia. Wa tatu alizaliwa katika familia iliyovuka kutoka Kongo. Anaongea bila kusita na kutania kwa Kifaransa, ila hajawahi kukiandika, na beaucoup kwake ni boku. Wa nne ni binti yetu: anahesabu, anauliza bei, anashukuru, basi.

Fomu inawauliza swali moja: "Umewahi kusoma Kifaransa? Ndiyo/Hapana." Wa kwanza ataandika ndiyo, watatu waliobaki hapana, na fomu itakuwa imewakosea wote wanne.

Ndiyo maana wataalamu wa lugha waliacha zamani kuuliza umesoma miaka mingapi, wakauliza unaweza kufanya nini. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa ngazi sita zinazotumika sasa karibu dunia nzima: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Wa A1 anajitambulisha na kuuliza bei. Wa B1 anajitetea safarini mambo yakiharibika. Wa B2 anabishana hoja. Mtihani wa Kifaransa uitwao DELF hupima stadi nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja kwa alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 katika stadi moja umeanguka, hata kama nyingine zimejaa. Sheria hiyo ndogo ina hekima. Inamwambia kijana wa tatu kwamba mdomo mtamu hauwezi kuilipia kalamu deni, na inamwambia wa KLF kwamba daftari haliongei.

Kwa hiyo chuo kikikupa jaribio la kupanga viwango, usilikimbie, na usilisomee usiku kucha. Ni kipimo tu, kama cha malaria: ukikidanganya utapewa dawa isiyo yako. Na chuo kisipokupa, jipime mwenyewe kwa stadi zote nne, kisha nenda ukaongee na mwalimu wa kozi kabla ya kusajili.

Udanganyifu wenyewe ni wa aina mbili. Upo wa kujipandisha: kijana anaona aibu kukaa na wa ABC, anajiweka kozi ya juu, na kufikia jaribio la pili anahesabu kama sapu moja, yaani mtihani wa marudio, itamwacha salama au atadisko, aondolewe chuoni. Huyu tunamwonea huruma. Wa pili ni wa kujishusha, na huyu tunampigia makofi. Amesoma Kifaransa miaka minne sekondari, anajifanya mgeni, anakaa darasa la wanaoanza kuvuna A ya kupandisha GPA. Hajui amepoteza nini. Kati ya saa zake 270, muhula wa kwanza umemfundisha kusema bonjour ambayo alikwisha kuijua. Tena amewaumiza wenzake: mwalimu akiona vichwa viwili vitatu vinajibu haraka huongeza mwendo, na binti wa Kirando anabaki nyuma akidhani yeye ndiye mzito.

Dalili za kukaa pasipo pako huonekana mapema. Ikiwa wiki mbili zimepita na hujaandika neno jipya kwenye daftari, uko chini mno. Ikiwa mwalimu anachekesha darasa na wewe unacheka kwa kuwatazama wenzako, uko juu mno. Kila chuo kina tarehe ya mwisho ya kubadili kozi, iko kwenye kalenda ya muhula, na haimsubiri mtu anayeona haya kwenda ofisi ya idara.

Mapadri wa darasa la kwanza

Kuhusu kuona haya, Ufipa na majirani zake wana kumbukumbu nzuri. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe wa kanzu nyeupe, walikabidhiwa kituo cha Karema, kaskazini mwa Ufipa kwenye ufuko wa ziwa, na kutoka huko wakaenea. Walikuwa wasomi. Walijua Kilatini na walisoma teolojia miaka mingi. Lakini mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwawekea sharti: baada ya miezi sita wawe wanatumia lugha ya wenyeji, hata wao kwa wao. Fikiri mzee wa ndevu mwenye Kilatini chote kichwani, ameketi mbele ya mtoto wa kijijini akimwuliza hiki kinaitwaje, na mtoto anamcheka. Elimu yake haikumpa ruhusa ya kuruka darasa la kwanza.

Wafipa nao wana somo lao shambani. Mvua zikielekea mwisho, mkulima wa ntumba hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi, huyapindua na kuyapanga kuwa vichuguu vya mviringo, nyasi zikiwa ndani. Mgeni akipita ataona shamba limejaa vichuguu na kujiuliza mtu huyu ameulaza udongo au ameuzika. Nyasi huoza humo zikigeuka mbolea, na msimu unaofuata vichuguu husambazwa, ulezi ukapandwa. Hakuna anayemwaga ulezi siku ya kupiga vichuguu. Mwaka wa kwanza wa lugha ni kichuguu: matamshi, hesabu na vitenzi vile vile kila siku, vinaozea ndani bila kuonekana.

Darasani

Binti yetu anapofika mbele ya mwalimu hatajibu ndiyo wala hapana. Atasema: "Naweza kuhesabu na kupatana bei. Kusoma na kuandika sijui." Mwalimu yeyote anayeijua kazi yake atamweka darasa la wanaoanza, na atakuwa amemweka pazuri, kwa sababu alichokifuata ni karatasi.

Wiki chache baadaye darasa litafika kwenye namba. Mwalimu ataandika ubaoni 70, na darasa zima litaitikia: soixante-dix. Wenzake watacheka, sitini na kumi! Binti ataduwaa. Maisha yake yote sabini imekuwa septante, na kwa sekunde chache atadhani mama yake amekuwa akikosea miaka yote.

Hakukosea. Lakini ili binti alijue hilo itabidi anyooshe mkono na kuuliza, na darasa la wanaoanza ndilo mahali pekee chuoni ambapo swali hilo haliaibishi. Mwalimu atamwambia kwamba yote mawili ni Kifaransa, moja la Paris, moja la Brussels na Kinshasa. Atayaandika yote mawili kwenye daftari, mstari mmoja chini ya mwingine. La juu litamfaa kwenye mtihani. La chini litamsubiri likizo, siku atakaposimama Kirando kando ya mama yake, aichukue risiti kabla haijasainiwa, na aisome mwenyewe.